Uzoefu wangu na WireGuard: kufungua faili za ofisi nikiwa nyumbani

Ofisi yetu ya uhasibu jijini Dar es Salaam ina watu sita na seva moja ndogo inayotunza leja na ritani za wateja, na kwa miezi minane sasa tunaifikia kutoka nyumbani kupitia WireGuard, ambayo ni programu ya bure ya VPN, yaani njia ya siri inayounganisha kompyuta ya nyumbani na mtandao wa ofisi kupitia intaneti. Kabla ya hapo kuna aliyetushauri tufungue poti namba 445 ya seva, yaani mlango wa kushirikishana faili, moja kwa moja kwenye intaneti. Nilikataa kabisa, kwa sababu hiyo ndiyo poti ambayo kirusi cha WannaCry kiliitumia kusambaa Mei 2017, na taarifa za wateja ni amana.

Kuiweka hakukuchukua hata saa nzima. Shida ilianza nilipofika nyumbani, ambako programu ilionyesha kuwa imewashwa lakini folda ya ofisi ikakataa kufunguka. Nilipoteza siku mbili nikibadilisha funguo za siri ambazo kompyuta na seva hutambuana kwazo, nazo hazikuwa na kosa lolote. Huu ndio upungufu mkubwa ninaouona kwa mtu asiye fundi wa mitandao: mambo yakiharibika, WireGuard hukaa kimya, na dalili ya kutegemea ni ule muda wa mwisho ambao pande mbili zilitambuana.

Kumbe chanzo kilikuwa anwani. Ruta ya ofisini na ya nyumbani kwangu zote ziligawa anwani zinazoanza na 192.168.1, hivyo kompyuta yangu iliitafuta seva humo humo sebuleni. Tulihamishia mtandao wa ofisi kwenye anwani za 10.47.20, nikazisahihisha kwenye kipengele cha AllowedIPs (orodha ya anwani zinazopitia WireGuard) katika kila kompyuta, na jioni ile ile folda ikafunguka. Kwa jina la seva haifunguki hadi leo, kwa kuwa majina hayo hutangazwa ndani ya mtandao wa ofisi tu na matangazo hayo hayavuki VPN. Tunaandika anwani yenyewe.

Lililonisumbua zaidi lilikuja baadaye. Nikitumia intaneti ya simu, orodha ya faili ilionekana vizuri na faili ndogo zilifunguka, lakini leja ya megabaiti 20 ilikwama kila mara. Nilipopima kwa ping, amri inayotuma pakiti (vifurushi vya data) na kusubiri jibu, pakiti ndogo zilijibiwa na kubwa zikapotea. WireGuard kwa kawaida huruhusu pakiti za baiti 1420, kisha huzifungasha kwa baiti zake nyingine hadi 80, mzigo ambao mtandao ule wa simu haukuweza kuupitisha. Nilishusha MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti, hadi 1280, na tangu siku hiyo leja haijakwama tena.

Bado kufanya kazi ndani ya faili kubwa moja kwa moja kunachelewa, kwani kompyuta na seva huulizana na kujibiana mara nyingi mno. Kwa hiyo mimi huinakili leja, nikaifanyia kazi kwenye kompyuta yangu na kuirudisha, baada ya kuwapigia wenzangu simu ili asiwepo mwingine anayeigusa wakati huo.