Prosesa ya kukimbiza kwa pesa kidogo: kabla ya kuulizia Ryzen, omba picha ya madabodi

Kidole changu cha shahada kina kovu dogo la duara, kama punje ya mtama. Watu hudhani ni mafuta ya mahamri. Ni madabodi, ile sahani kubwa ya saketi inayobeba prosesa ndani ya kompyuta.

Mimi nahariri video za harusi hapa Amu (Lamu), hasa za wanawake. Usiku wa kumtoa nje bibi harusi mabuibui yamevuliwa, kila mtu yuko na dhahabu zake, na hakuna mama atakayekubali picha zile ziende kwa fundi mwanamume Mombasa. Kwa hiyo kazi yote inamalizikia chumbani kwangu Langoni, na kompyuta ikichelewa ninayesimangwa ni mimi. Pesa ya mashine mpya sina. Ndiyo maana nikaingia mambo ya ovakloki, yaani kuilazimisha prosesa, ule ubongo wa kompyuta, iende mbio kuliko ilivyopangiwa kiwandani.

Mwaka juzi nikanunua prosesa ya mtumba ya kampuni ya AMD, Ryzen 5 1600, pamoja na madabodi yake kutoka Nairobi, kwa muuzaji wa mtandaoni. Prosesa hii viini vyake vyote sita, yaani vile vichwa vyake vya kupigia hesabu, vikifanya kazi pamoja huenda mwendo wa kama gigahazi 3.4. Nikaisukuma hadi 3.8. Kazi ya saa tisa ikawa inakwisha kwa nane, na ile saa moja iliyobaki ndiyo ya kusali Alfajiri bila kukodolea macho asilimia.

Wakati wa kusi mambo yalikuwa shwari. Kaskazi ilipoingia na joto lake, vituko vikaanza. Robo saa inakwenda vizuri, mara mwendo unaporomoka hata gigahazi moja haifiki, dakika mbili hivi, unapanda tena. Naangalia joto la prosesa: nyuzi 71. Prosesa hii inavumilia hadi 95, sasa inalilia nini? Nikabadilisha pasta, ule utomvu wa kupitishia joto kati ya prosesa na kipoza. Nikabadilisha tena, labda ya kwanza ilikuwa feki. Mwishowe nikavunja kibubu, nikang'oa feni ya Wraith Spire iliyokuja na prosesa, nikaweka kipoza kikubwa cha mnara. Joto la prosesa likashuka hadi 62, nikapiga bismillahi, nikaanzisha harusi ya watu. Baada ya dakika kumi mashine ikazima kabisa.

Aliyenitoa gizani ni ami yangu, fundi wa injini za boti, ambaye kompyuta haijui hata kuiwasha. Alikuja kunywa kahawa, akanikuta nimejiinamia. "Mwanangu, injini haiumwi kichwa tu. Umeipapasa mgongo?" Nikafungua ubavu wa kasha, nikapitisha kidole nyuma ya madabodi, usawa wa soketi, pale prosesa inapokaa. Ngozi ilibaki pale.

Hebu nieleze, maana hili ndilo wauzaji hawalisemi na wanunuzi hawaliulizi. Pawasaplai inaleta volti 12. Prosesa inataka volti moja na kitu. Kazi ya kugeuza inafanywa na vijidude vyeusi vilivyopangwa kandokando ya soketi, karibu na vile vibonge vya kijivu vya mraba. Mimi naviita vigeuza umeme. Ukikimbiza prosesa unaipandishia na volti, na ulaji wa umeme hupanda sambamba na mwendo, lakini kwa volti hupanda kwa kipeo cha pili. Kutoka 3.4 hadi 3.8, na kutoka volti 1.2 hadi 1.35, piga hesabu: umeongeza mwendo kwa asilimia 12 na mzigo kwa asilimia 40 hivi. Mzigo wote huo unapita kwenye vile vijidude. Kwenye madabodi yangu vilikuwa uchi, havina hata kipande cha alumini cha kutoa joto juu yake. Vikipata moto kupita kiasi madabodi huikaba prosesa ili visiungue, na wewe unabaki kulaumu prosesa isiyo na kosa.

Na ule mnara wangu wa fahari? Ulizidisha balaa. Wraith Spire hupuliza upepo kuelekea chini, unagonga madabodi na kuvipooza vigeuza kwa bahati tu. Mnara hupuliza ubavuni. Nilikuwa nimevinyima vigeuza hata ule upepo mdogo viliokuwa vinaupata. Ongeza na hewa yetu ya chumvi, ambayo ndani ya mwaka mmoja ilishaanza kuotesha ukungu wa kijani kwenye miguu ya vyuma vilivyo wazi.

Kwa hiyo mpangilio wangu wa prosesa za kununua hauanzi na mwendo wala bei. Unaanza na swali: ukishanunua prosesa hii, utapata madabodi ya kuibeba?

Namba moja ni Ryzen 5 2600 juu ya madabodi ya MSI B450 Tomahawk. Sifichi, mimi ni mtu wa AMD, na Tomahawk naipenda kama watu wanavyopenda punda wa shindano. Vigeuza vyake vimevaa alumini nene iliyofungwa kwa skrubu. 2600 ya mwaka 2018 ina viini sita, haijafungwa kufuli la kuzuia kukimbizwa, na chini ya kofia yake ya chuma imeunganishwa kwa kulehemu, si kwa pasta inayokauka. Iko pia kwenye orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11, jambo ambalo 1600 yangu haina, na Windows 10 ilishaachwa kuhudumiwa Oktoba 2025. Kukimbia haikimbii sana kupita ilivyotoka kiwandani, lakini haisumbui. Siku ukipata pesa, soketi ileile ukisasisha BIOS, programu ya kuwashia iliyomo kwenye madabodi, inapokea Ryzen 5 5600. Kumbuka tu kwamba 2600 na 1600 hazitoi picha zenyewe, lazima uwe na kadi ya picha.

Namba mbili ni 1600 hiyohiyo, ukiipata kwa bei ya huruma na madabodi yenye alumini. Ndiyo inayoonyesha faida ya kukimbizwa. Mimi sipiti volti 1.35, na wakati wa kaskazi narudi 3.7.

Namba tatu ni Ryzen 5 3600. Ni nzuri kuliko hizo mbili kwa kazi, lakini kwa kuikimbiza ni kujichosha, kiwanda kimeshaikamua karibu yote. Inunue, iache ilivyo.

Intel sasa, mshindani wa AMD, maana nitaulizwa. i5-2500K ya 2011 kweli ilikuwa simba: inatoka 3.3 na inapelekwa 4.3 bila kelele. Lakini ni viini vinne vitupu, na inataka madabodi ya aina ya P67, Z68 au Z77, ambayo leo ukiipata imeshaishi maisha matatu. Ndugu yake i5-3570K waliiwekea pasta chini ya kofia badala ya kulehemu, kwa hiyo inapata moto upesi. Kwa hali ya hewa yetu, hapana.

Za bei ya chini kabisa: Pentium G3258 ina viini viwili, ni ya kuchezea. Zile mashine za ofisini kutoka Uingereza hazikimbizwi, prosesa zake zina kufuli. Basi.

Na ukiona madabodi imeandikwa A320 au A520, hata ikiwa na Ryzen juu yake, prosesa haitakimbia. AMD iliziwekea kufuli makusudi. Msomaji mmoja wa Faza aliuziwa A320 kwa maneno ya "tayari kwa ovakloki", akaniandikia usiku wa manane akidhani yeye ndiye hajui kuingia BIOS. Ndugu yangu, BIOS haina kosa. Umepigwa.

Hapo ndipo wauzaji wanaponitoa roho. Bei hawaandiki, "njoo inbox". Ukienda inbox unaulizwa uko wapi, ukisema Lamu bei inapanda, kana kwamba sisi tuko mwezini. Garantii wiki mbili, na wiki hizo wanaanza kuzihesabu mzigo ukiwa bado kwenye basi. Unafika Mokowe, unalipa boti, unalipa hamali, unafungua sanduku na wiki moja imeshakwenda. Kuurudisha ni njia ileile kwa pesa yako. Na picha! Sanduku, prosesa kiganjani, taa za rangi. Upande wa kushoto wa soketi, penye vigeuza, haupigwi picha hata siku moja.

Mwezi uliopita nilikuwa natafuta madabodi ya shoga yangu wa Shela. Nikamwandikia muuzaji: "Kaka, nitumie picha ya soketi, upande wa kushoto na juu, karibu." Akanitumia picha ya sanduku. Nikamwambia si sanduku, ni zile chuma kando ya soketi, zina alumini au ziko uchi? Tiki mbili za buluu. Mpaka leo.