Hamira ya maji iliyofichwa tarehe: uzoefu wangu

Sijawahi kukasirishwa na kibandiko kama nilivyokasirishwa na kile nilichokikuta juu ya pakiti ya hamira ya maji niliyoiagiza hivi karibuni kwa ajili ya kupika bia nyumbani. Kilikuwa kibandiko cheupe cha muuzaji, chenye namba ya bidhaa, nacho kilikuwa kimebandikwa barabara juu ya mahali ambapo maabara inayotengeneza hamira hiyo huchapa tarehe. Nilikilowesha, nikakibandua taratibu kwa ukucha, na chini yake nikakuta kwamba hamira ile ilikuwa imetengenezwa zaidi ya miezi minne iliyopita. Barafu iliyowekwa ndani ya boksi ili kuilinda safarini ilikuwa imekwisha kuyeyuka yote, na pakiti yenyewe ilikuwa vuguvugu.

Anayetumia hamira kavu huenda akashangaa kwa nini naishikilia tarehe kiasi hiki, kwa sababu hamira kavu hukaa muda mrefu bila kudhoofika sana. Hamira ya maji haivumilii hivyo. Pakiti ya aina niliyonunua huwa na takribani seli bilioni 100 inapotoka maabara, na wapikaji wengi hukadiria kwamba hata ikitunzwa jokofuni hupoteza kama sehemu ya tano ya seli zilizo hai kila mwezi. Kwa kanuni hiyo, miezi minne huacha kama bilioni 40 tu, kabla hata ya kuhesabu madhara ya joto la njiani. Lita 20 za bia yenye nguvu ya wastani huhitaji karibu seli bilioni 180, na bia ya aina ya lager, ambayo huchachuka kwenye baridi, huhitaji maradufu ya hizo. Ndiyo maana tunatengeneza kianzio, yaani tunaiotesha hamira kwanza katika maji kidogo ya kimea hadi iongezeke. Anayejua umri wa pakiti hupanga ukubwa wa kianzio kwa hesabu. Aliyefichiwa umri huo hubaki kubahatisha.

Nilimwandikia muuzaji kwa heshima, nikamweleza hali ya boksi na ya tarehe. Jibu lake halikuwa na salamu wala pole. Aliandika kwamba mpikaji anayeijua kazi haulizi tarehe bali hutengeneza kianzio, na kwamba kama hilo linanishinda basi ninunue hamira kavu. Maneno hayo yameniuma kuliko pakiti yenyewe, kwa sababu yamegeuza kazi ya makini kuwa kisingizio cha kuuza mzigo uliochakaa. Kianzio huzidisha seli zilizo hai. Hakifufui zilizokufa, na zilizokufa hubaki mlemle ndani ya chupa, zikivunjika na kuachia vitu ambavyo hakuna anayetaka kuvionja katika bia yake.

Kianzio nilikitengeneza hata hivyo, tena kwa uangalifu wote. Nilichemsha gramu 100 za unga wa kimea katika maji ya kufikia lita moja kwa dakika 15, nikaipoza chupa hadi nyuzi 20 hivi, nikatakasa mkasi, pakiti na karatasi ya foili, kisha nikamimina hamira na kuiweka chupa juu ya kikorogeo cha sumaku, ambacho huzungusha kipande kidogo cha sumaku kilichomo ndani ili oksijeni iingie na kaboni dioksidi itoke. Kwa kawaida, kufikia siku inayofuata maji ya kimea huwa yamepauka na kuwa mazito kwa wingi wa seli. Safari hii yalibaki na wekundu wao uleule. Kianzio kinachokorogwa mara nyingi hakionyeshi povu hata kikiwa kizima, kwa hiyo sikuamini macho. Nilipima kwa haidromita, kifaa ambacho kipimo chake hushuka kadiri hamira inavyokula sukari, nayo ikasoma 1.037, kipimo kilekile nilichoanza nacho. Hakuna sukari iliyokuwa imeguswa. Siku niliyokuwa nimeipanga kwa kupika ilipita hivyo, huku kila saa ya kungoja ikiwapa bakteria na hamira ya porini nafasi ya kutangulia.

Haki inanitaka niseme na yaliyofuata. Hamira iliamka. Kwa kuchelewa mno, lakini iliamka, kipimo kikashuka hadi karibu 1.010, na harufu ikawa safi kama ya mkate mbichi. Nikaituliza jokofuni hadi ikazama, nikamwaga maji ya juu, nikaipa maji mapya ya kimea, lita mbili, na awamu hiyo ilikwenda kwa kasi niliyoizoea. Bia iliyotoka ni nzuri kwa namna ambayo sikuitarajia kabisa: kavu, angavu, yenye ile harufu ya pilipili manga na maganda ya machungwa ambayo hamira za Ubelgiji husifiwa kwayo, na ambayo hamira kavu nilizowahi kutumia hazijanipa. Nilipoionja nilikuwa tayari kuibadilisha nyota moja niliyokuwa nimekusudia kuipa hamira hii kuwa nne.

Lakini kadiri ninavyoinywa ndivyo ninavyozidi kukasirika, kwa sababu sasa najua ni hamira ya namna gani iliyoachwa ioze ghalani. Tangu mwanasayansi wa Denmark, Emil Christian Hansen, alipotenga hamira safi katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg, mjini Copenhagen, mwaka 1883, thamani ya hamira ya maabara imekuwa ni kwamba mpikaji anajua anachokitia katika bia yake. Kibandiko kile kiliniondolea ujuzi huo. Anayeanza angeimimina pakiti hiyo moja kwa moja, bila kianzio, angengoja uchachukaji usioanza, kisha angepata bia yenye harufu ya tufaha bichi na kuamini kwamba kazi hii si yake.

Kwa hiyo maabara naipa nyota nne, na hata ya tano ningeiongeza kama ingechapa tarehe pande zote mbili za pakiti. Muuzaji nampa moja. Nitainunua tena hamira hii, kwa mtu mwingine, atakayekubali kunitumia picha ya tarehe kabla sijalipa.