Darubini ya 8×42 kwa mtazamaji wa ndege: tathmini baada ya mwaka mmoja wa matumizi

Darubini ya kutazamia ndege wa porini mimi huisifu au huilaumu kwa swali moja: je, inaniwezesha kukaa mbali kiasi gani, ndege akaendelea na shughuli zake kana kwamba sipo? Darubini hii ya 8×42 nimeitumia mwaka mzima kwa kipimo hicho, na imenitosheleza kwa sehemu kubwa, ingawa ina kasoro mbili ambazo mnunuzi anastahili kuzijua mapema.

Katika 8×42, namba ya kwanza ni kiasi cha ukuzaji, na ya pili ni kipenyo cha lenzi za mbele kwa milimita, kwa hiyo ndege aliye umbali wa mita 80 huonekana kama yuko mita 10 tu. Mita hizo 70 unazojizuia kuzitembea ndizo zinazomlinda. Ndege huacha kula na kuinua shingo muda mrefu kabla ya kuruka, na mtu anayemsogelea hudhani hajamsumbua kwa kuwa bado amesimama palepale, kumbe ameshamkatiza chakula chake. Vitwitwi waliotua ufukoni katikati ya safari ya kuhama huhitaji saa nyingi za kula ili kujaza mafuta mwilini, na kila wanaporushwa bure hutumia akiba ileile waliyokuja kuitafuta. Kwa ndege anayeatamia madhara huwa makubwa zaidi: akikimbia kiota, mayai hupoa au huungua juani, na kunguru aliyekuwa akichungulia kutoka mti wa jirani hangoji kukaribishwa.

Wapo wanaoamini kwamba ukuzaji wa mara 10 lazima uwe bora kuliko wa mara 8. Mimi siafiki. Mtetemo wa mkono hukuzwa pamoja na ndege, na kwa kawaida ukuzaji ukiongezeka, upana wa eneo linaloonekana hupungua, hivyo ndege mdogo anayerukaruka ndani ya majani hupotea kabla hujamlenga. Kwa darubini hii humwona kwanza kwa macho matupu, kisha huinyanyua bila kubandua macho yangu kwake, na mara nyingi humkuta humo humo.

Nilichokipenda zaidi ni mwanga wake wa jioni. Ukigawanya 42 kwa 8 unapata 5.25, nacho ndicho kipenyo, kwa milimita, cha mwale wa mwanga unaofika jichoni. Gizani mboni ya mtu hupanuka hadi kiasi hicho au zaidi, kwa hiyo mwanga mwingi unaokusanywa na lenzi huwa haupotei. Yangeyange wanaporejea mtini kulala, wakigombania matawi na kusukumana, bado naweza kumtofautisha kinda na mzazi wake kwa muda mzuri baada ya jua kuzama.

Kasoro ya kwanza ni gurudumu la kulenga. Linahitaji mizunguko mingi kutoka karibu hadi mbali, na kwenye baridi huwa zito. Kwa mdiria aliyetulia kijitini halina shida, lakini mbayuwayu anayekuja moja kwa moja usoni pako atakuwa amekwisha kupita kabla kidole hakijamaliza kazi. Kasoro ya pili ni ukingo wa rangi ya zambarau unaomzunguka ndege anapokuwa mbele ya anga jeupe. Jambo hilo si urembo tu, kwa sababu baadhi ya membe hutambuliwa kwa weusi mdogo ulioko kwenye ncha za mabawa, na hapo ndipo rangi hiyo ya uongo hujitokeza.

Katika kusoma pete za miguuni matokeo yalikuwa mchanganyiko. Tangu mwalimu Hans Christian Mortensen alipowavisha kwezi pete za alumini zenye namba huko Denmark mwaka 1899, pete zimekuwa njia kuu ya kujua ndege huenda wapi na huishi miaka mingapi. Pete kubwa za rangi zenye herufi nimezisoma bila taabu ndege alipokuwa karibu, lakini namba ndogo za pete za chuma hazisomeki kwa ukuzaji huu. Kwa kazi hiyo inahitajika darubini kubwa ya jicho moja juu ya stendi ya miguu mitatu. Kwa kuhesabu makundi, hata hivyo, naichagua hii. Mtaalamu wa ndege Frank Chapman alipopendekeza nchini Marekani, mwaka 1900, kwamba siku ya Krismasi watu wahesabu ndege badala ya kushindana kuwawinda, watu 27 tu ndio walioshiriki, na kazi ya namna hiyo hutaka chombo ambacho mkono unaweza kukibeba tangu alfajiri.

Mvua haijaingia ndani, na lenzi hazijapata ukungu, jambo linalotarajiwa katika darubini iliyofungwa vizuri na kujazwa nitrojeni. Kamba yake nyembamba hukata shingo, nami nimeibadilisha kwa mkanda wa mabegani. Mvaaji wa miwani ajaribu kwanza kuvirudisha chini vile vikombe vya mpira vya machoni na kuhakikisha kwamba anaona duara lote: mimi huliona, lakini rafiki yangu mwenye lenzi nene zaidi alikuta kingo zimekatika, akairudisha yake dukani wiki ileile.