Vyuma vya 310 kwenye jiko la sukari nguru: uzoefu wangu

Nina kiwanda kidogo cha sukari nguru upande wa Malava, Kakamega. Jiko letu linakula makapi ya miwa tangu alfajiri, na wavu wa moto tulikuwa tunauunda kwa nondo za ujenzi. Msimu hauishi kabla nondo hazijalegea na kubanduka magamba. Chuma cha kawaida kikipita nyuzi 550 hivi huanza kuliwa, na katikati ya jiko langu moto unapita hapo kwa mbali.

Nikaenda Kisumu kutafuta chuma cha pua aina ya 310. Muuzaji wa kwanza alibandika sumaku, ikateleza, akasema, “Ndiyo hii, mzee.” Sawa, lakini hata 304, ile ya sufuria na masinki, kwa kawaida haishiki sumaku! 310 ina kromiamu kama asilimia 25 na nikeli 20. 304 ina 18 na 8. Kwa jiko la kuwashwa na kuzimwa kila siku, 304 huishia nyuzi 870 hivi, 310 huvuka 1,000. Nilipoomba cheti cha kiwanda kilichotengeneza chuma akaanza kutafuta kalamu. Wa pili alikuwa nacho, na namba iliyogongwa kwenye chuma ndiyo iliyokuwa kwenye karatasi. Bei ilinitoa jasho, lakini nikalipa.

Wiki ya kwanza nilijuta. Vyuma viwili vilipinda juu, viungo vikapasuka. Kumbe kosa letu: fundi alivichomelea ncha zote mbili, tena kwa vijiti vya kawaida, na chuma hiki kikipata moto hutanuka kuliko kile cha kawaida. Tukakata, tukachomelea upande mmoja kwa vijiti vya 310, upande wa pili tukauacha utembee.

Huu ni mwezi wa nane tangu tuvifunge. Vimekuwa vyeusi, basi. Kimoja tu kimevunjika: kijana wa moto alikigonga kwa nyundo asubuhi, jiko likiwa baridi, kikakatika kama biskuti. Vikikaa sana kati ya nyuzi 600 na 900 huwa hivyo. Sasa majivu yaliyoganda tunayakwangua jiko likiwa bado na moto.

Nitanunua tena, ila vya safu ya katikati. Mlangoni nondo zinatosha.