Mawakili wawili, kesi moja ya kiwanja: uzoefu wangu

Wa kwanza nampa nyota moja na hiyo moja ni ya lugha nzuri tu. Kesi yenyewe ni kiwanja huku Dar, manispaa imekigawa kwa watu wawili, mi nina barua ya toleo, ile ya kugawiwa kiwanja, na jirani anayo yake, na jamaa kashaanza kumwaga mchanga. Kabla sijalipa niliingia e-Wakili, ule mfumo wa Mahakama, nikakuta jina lipo na leseni iko hai, kwahiyo sio kishoka. Ila mfumo unakwambia huyu ni wakili, haukwambii kama kesi za ardhi anaziweza. Baadae ndo nasikia yeye ni mtu wa talaka na mirathi, na huko wanamsifu kweli.

"Usijali kaka, hii nyepesi sana." Akafungua Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, akamshtaki jirani na manispaa, basi. Siku ya kutajwa wakili wa serikali kasimama na pingamizi la awali: hakuna notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu hajaunganishwa, na kesi ya hivi inaanzia Mahakama Kuu. Sheria ilibadilishwa 2020 jamani, ukishtaki halmashauri hata serikali ya kijiji unafuata njia ileile ya kuishtaki serikali! Wangu anapekua faili, anapekua, mwisho anaomba muda ajibu kwa maandishi. Kesi ikaondolewa na gharama nikabebeshwa mimi. Nje ananiambia tutakata rufaa. Rufaa ya nini sasa, wakati kosa ni la njia tuliyopita wenyewe?

Mi simlaumu wakili kwa kushindwa, kushindwa kupo. Ila maadili yao yanamtaka asibebe kazi asiyoiweza, na kama haijui aisome kwanza au akwambie nenda kwa fulani. Maana ukichelewa ukaenda kuomba muda wa nyongeza eti wakili wangu alizembea, mahakama zetu zimeshasema mara nyingi tu hiyo sio sababu ya kutosha, yaani anakosea yeye muda unakuishia wewe.

Wa pili ni mama mmoja, ofisi iko juu ya duka la vifaa vya umeme, feni inapiga kelele balaa. Hakuniahidi kushinda. Alizipanga karatasi zangu mezani kwa tarehe, toleo, risiti, ramani, anaweka tiki kwa penseli, akauliza mgogoro ulianza lini sababu kudai ardhi mwisho miaka 12, akasema hapo tuko salama. Halafu akagundua herufi ya kitalu (block) kwenye toleo na kwenye risiti hazifanani, karatasi zilezile yule mwingine alikaa nazo miezi! "Mambo ya upimaji mimi siyajui baba, tafuta mpima aliyesajiliwa aende saiti atuandikie ripoti." Hapo ndo aliniteka. Notisi ikaenda manispaa, nakala kwa Mwanasheria Mkuu na kwa Wakili Mkuu wa Serikali, siku 90 zikaisha, sasa tuko Mahakama Kuu Divisheni ya Ardhi.

Yule wa kwanza nimemwandikia malalamiko Kamati ya Mawakili, wana nguvu ya kumpa onyo, kumsimamisha au kumfuta kabisa kwenye orodha, nasubiri.

Mama nyota nne. Moja nimeikata kwa ajili ya karani wake, ukipiga simu anakujibu "wakili yuko kotini" hata saa mbili usiku.