Baiskeli ya Mlima kwa Mke Wako: Ipi Ununue Mwanza na Ipi Uiache

Baiskeli ya kwanza niliyomnunulia mke wangu niliijaribu mwenyewe mbele ya duka, nikaridhika nayo, nikailipia. Yeye ana kimo cha sentimita 158, mimi nina 176. Baada ya wiki mbili za kwenda na kurudi kazini kati ya Buhongwa na Nyegezi, alikuwa akifika nyumbani vidole vimekufa ganzi, na kila aliposimama kupisha daladala ilimbidi ailaze baiskeli upande ndipo mguu ufike chini. Nilifupisha shingo ya usukani kutoka sentimita 9 hadi 6 na ganzi ikapungua, lakini fremu ndefu haifupishwi, kwa hiyo tuliiuza kwa hasara.

Basi pima mtu kwanza, ndipo uende dukani. Asimame peku, mgongo ukutani, akiwa na kitabu kigumu katikati ya miguu kilichovutwa juu hadi kigote msamba, nawe upime kutoka ukingo wa juu wa kitabu hadi sakafuni. Mke wangu alipata sentimita 74. Ukizidisha kipimo hicho kwa 0.883 utapata kadirio zuri la urefu wa kiti kutoka katikati ya ekseli ya kranki (mhimili unaozungushwa na pedali), ambao kwake ni sentimita 65. Akisimama huku ameipanda, bomba la juu la fremu liwe chini ya msamba kwa sentimita 5 au zaidi. Na kama huendesha akiwa amevaa gauni au kitenge, tafuta fremu ambayo bomba hilo limeteremka sana kuelekea kwenye kiti. Mwanamke wa kimo hicho kwa kawaida hutoshwa na fremu ya inchi 15, inayopimwa kutoka katikati ya ekseli ya kranki hadi juu ya bomba la kiti. Wauzaji wengi ukiwauliza saizi watakujibu, "Hii ni 26," lakini hiyo ni saizi ya tairi, nayo haikuambii lolote kuhusu mwili wa mpandaji.

Kati ya machaguo manne yaliyopo, ninaloliweka la kwanza ni kununua fremu nzuri ya mtumba na kuijenga kwa fundi. Njia hii inachosha, lakini ndiyo pekee inayokuruhusu kuanza na kitu kisichobadilika, yaani fremu, kisha ukachagua vingine vyote kwa kipimo chake. Nenda na sumaku ndogo: ikinasa, fremu ni ya chuma, na ufa wake utachomelewa katika gereji yoyote yenye mchomeleaji makini, isiponasa, huenda ni aluminiamu, nyepesi zaidi kwenye vilima vya mji huu wa mawe, ila ikipasuka mchomeleaji wa kawaida hawezi kuiokoa. Kagua maungio, hasa chini ya shingo na karibu na ekseli ya kranki, ukiwa umeifuta vumbi kwa kitambaa chenye maji. Nguzo ya kiti iliyogoma kutoka ni sababu tosha ya kuiacha fremu hiyo.

Wakati wa kufunga vipuri, usiondoke kwa fundi. Kwenye fremu nyingi za namna hii kikombe cha gololi za ekseli ya kranki cha upande wa mnyororo hukazwa kinyume, na pedali ya kushoto vilevile. Nimeshuhudia kijana akilazimisha kwa spana ndefu mpaka nyuzi za kukazia za fremu zikalika, na fremu ikawa haifai tena. Kwenye tairi soma namba ndogo ya milimita. Ringi ya 26 ya baiskeli ya mlima ni 559, ilhali tairi la baiskeli za mjini kutoka Japani lililoandikwa 26 x 1 3/8 ni 590, na mawili hayo hayaingiliani hata kidogo.

Gia ndizo zitakazoamua kama mwenzi wako ataendelea kuendesha au ataiegemeza baiskeli ukutani. Baiskeli nyingi za bei nafuu zina gia ndogo ya mbele yenye meno 28 na kubwa ya nyuma yenye 28, kwa hiyo mzunguko mmoja wa pedali unazungusha gurudumu mara moja. Ukifunga 24 mbele na 34 nyuma, gurudumu huzunguka takriban mara 0.7, na mtu anaweza kupanda kuelekea Bugando akiwa ameketi na bado anasalimia watu. Kwa breki, mimi ninapendelea za mpira zinazobana ringi, kwa kuwa vipuri vyake viko kila mahali. Za diski zinahitaji viatu vya breki vinavyolingana na kifaa chenyewe.

La pili ni baiskeli kamili ya mtumba, ikiwa fremu inamtosha. Utabadilisha mnyororo, friwili (gia za nyuma), nyaya na pengine gololi za habu (kitovu cha gurudumu), kwa hiyo tenga theluthi ya bajeti kwa ajili hiyo kabla ya kupatana bei.

La tatu ni baiskeli mpya yenye shokapu za mbele tu. Ifungue na kuikaza upya siku hiyo hiyo, maana nyingine hutoka dukani zikiwa na grisi ya kuonjesha.

La mwisho ni zile mpya za bei chee zenye shokapu mbele na nyuma, ambazo hung'aa kuliko zote. Ni nzito, na spring ya nyuma hunesa kila anapokanyaga, hivyo nguvu aliyokusudia kuipandia mlima inapotelea humo. Kuliko hiyo, afadhali baiskeli ya kawaida ya magurudumu ya inchi 28 yenye keria, kama njia zake ni tambarare.

Kiti kinunuliwe peke yake. Akalie kipande cha boksi laini, upime umbali kati ya vishimo viwili vitakavyobaki, kisha uongeze sentimita 2 upate upana. Urefu wa kiti ukishapatikana, weka alama ya rangi ya kucha kwenye nguzo, kwa sababu fundi wa kuziba pancha huishusha akiigeuza baiskeli na hukumbuka kuirudisha kwa macho tu.