Kuni au makaa yasiyo na moshi kwa nyumba ya London?

Sehemu kubwa ya London ni eneo la kudhibiti moshi. Mwenye jiko la kawaida la kupashia nyumba joto haruhusiwi kuchomea kuni humo; hununua makaa maalumu yasiyotoa moshi.

Jiko lililoidhinishwa na serikali hukubali kuni. Kazi yote ni ya hewa: hata ukifunga matundu, kiasi fulani huendelea kuingia, na ile inayopata joto juu ya kuni huunguza moshi kabla haujafika bombani. Ila kuni ziwe kavu kweli, unyevu usizidi asilimia 20. Moshi ukizidi, halmashauri yaweza kukutoza pauni 175 hadi 300.

Jiko la zamani likiwa zima, ningebaki na makaa. Ukinunua jipya, chukua la kuni, ila thibitisha modeli imo kwenye orodha ya serikali. Nembo ya Ecodesign, yaani kiwango cha majiko yenye uchafuzi mdogo wa hewa, pekee haitoshi.